Diski mbili za nje, kompyuta mbili: nakala za akiba zipangwe vipi?

StudioMoro ameuliza:

Wakuu, salaam.

Mimi na mwenzangu tunaendesha studio ndogo ya picha na video hapa Morogoro, na kazi zetu nyingi ni harusi, sendofu na mahafali. Tuna kompyuta mbili. Ya kwanza ni laptopu ya Windows 11 yenye SSD ya 1 TB, ambayo ndiyo tunayoitumia kuhariri video. Ya pili ni MacBook ya 512 GB anayoitumia mwenzangu kwa picha na albamu. Tangu tuanze tumekuwa na diski moja ya nje ya 4 TB, ile kubwa inayotegemea adapta yake ya umeme, na utaratibu wetu ni kwamba kazi ikishakabidhiwa kwa mteja tunaihamishia humo, kisha tunaifuta kwenye laptopu ili kupata nafasi. Kwa sasa diski hiyo imebeba takriban 1.5 TB ya kazi za zamani.

Wiki hii tumenunua diski nyingine, ndogo ya mfukoni, ya 2 TB, kwa lengo la kuanza kuweka nakala za akiba za kompyuta zote mbili. Kilichotusukuma ni jirani yetu kuibiwa laptopu akiwa hana nakala yoyote ya kazi zake. Kabla sijaifomati hiyo mpya ningependa kupata ushauri wenu. Je, nichague mfumo gani wa faili (namna diski inavyopanga faili zake), NTFS au exFAT? Nauliza hivyo kwa sababu ile ya 4 TB ilifomatiwa kwenye Windows, na MacBook inaisoma vizuri lakini haikubali kuandika chochote ndani yake. Je, inafaa kuigawa diski mpya sehemu mbili, moja ya Windows na nyingine ya Mac? Na je, ni sahihi kuiacha imechomekwa muda wote ili nakala zijiweke zenyewe?

Jambo dogo la mwisho: nimelipia 2 TB, lakini Windows inaniambia ni 1.81 TB. Je, nimepunjwa?

---

FundiTanga amejibu:

Ndugu StudioMoro, nitajibu uliyoyauliza, lakini naomba nianze na ambalo hukuliuliza, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Ile 1.5 TB ya kazi za zamani ipo mahali pamoja tu. Mlipoihamishia kwenye diski ya nje na kuifuta kwenye laptopu hamkuweka akiba yoyote; mlichofanya ni kuitoa nakala pekee kwenye chombo kimoja na kuipeleka kwenye kingine, tena chenye sahani zinazozunguka na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Faili huwa na akiba pale inapokuwepo katika vyombo viwili visivyotegemeana. Kazi mnazozihariri sasa walau bado zina asili yake kwenye memori kadi kwa siku kadhaa, ilhali harusi za miaka iliyopita hazipo popote pengine, na hakuna bwana na bibi harusi watakaorudia kufunga ndoa kwa sababu diski yenu imekufa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, diski mpya isipewe kompyuta yoyote. Ipewe zile kazi za zamani. 1.5 TB itaingia na nafasi kidogo itabaki, na hapo kwa mara ya kwanza kumbukumbu zenu zitakuwa na nakala ya pili. Akiba ya laptopu ya Windows iwekwe kwenye ile 4 TB, ambayo bado ina zaidi ya 2 TB tupu, kisha MacBook inunuliwe diski yake ndogo baadaye.

Kuhusu 1.81, hukupunjwa. Mtengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja, wakati Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024 lakini huandika kifupisho kilekile. Ukiichomeka kwenye MacBook utaona 2 TB, kwa sababu Apple ilihamia kwenye hesabu ya elfu mwaka 2009.

Sasa tuje kwenye mfumo wa faili. Microsoft iliitoa exFAT mwaka 2006 ikilenga hasa flashi na kadi, na ndiyo maana kadi za kamera kuanzia 64 GB huja nayo. Inapokea faili kubwa, tofauti na FAT32 ambayo hukataa faili moja inayofikia GB 4 hata kama nafasi ipo tele, na inaandikika kwenye Windows na Mac bila programu ya ziada. Kasoro yake ni kwamba haina jarida la mabadiliko. NTFS, kabla ya kugusa orodha yake ya faili, huandika kwanza inachokusudia kufanya, ili ikikatizwa katikati iweze kumalizia au kurudi nyuma. exFAT haina kinga hiyo. Kebo ikichomoka wakati orodha inaandikwa, unaweza kuichomeka tena ukakuta folda ziko tupu, au ukaambiwa diski nzima inahitaji kufomatiwa.

Kwenu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya ile adapta. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri yake kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini diski ya 4 TB inazimika papo hapo, hata kama ilikuwa katikati ya kuandika. Watu hununua UPS (betri ya dharura ya umeme) kwa ajili ya kompyuta ya mezani na kusahau kuwa diski ya aina hiyo inaihitaji zaidi kuliko laptopu. Kwa sababu hiyo iacheni kwenye NTFS, na hiyo mpya nayo muifomati NTFS.

MacBook itaandikaje basi? Chomekeni 4 TB kwenye laptopu ya Windows, mshiriki folda moja kupitia mtandao wa ndani wa ofisi, na mwenzako aifungue kutoka kwenye Mac. Ataandika bila shida yoyote, kwa kuwa anayeandika kwenye diski ni Windows, na Mac haihitaji hata kujua kuwa huko upande wa pili kuna NTFS. Mkiweza kuunganisha kompyuta zote mbili kwenye ruta kwa kebo badala ya Wi-Fi, mtaona tofauti kubwa ya kasi.

Kwa upande wa akiba ya Windows, File History, programu ya akiba iliyomo ndani ya Windows, ni nzuri kwa hati, lakini msiitegemee kwa macho yaliyofumbwa. Kwa kawaida hubeba maktaba za Windows, eneo la mezani (desktop) na folda chache za mtumiaji, na kwenye Windows 11 inapatikana tu ndani ya Control Panel. Kama miradi yenu ya video imekaa kwenye folda mliyoitengeneza wenyewe moja kwa moja ndani ya C, haitaguswa mpaka muiingize kwenye mojawapo ya maktaba hizo. Nimekutana na wateja walioona ujumbe wa kijani kwa miezi mingi, kisha siku ya kurejesha wakakuta kila kitu kipo isipokuwa kazi yenyewe.

---

Mdau_Dodoma amejibu:

Mkuu FundiTanga ameeleza vizuri, ila si kila mtu ana fedha za diski ya tatu mwezi huu. Mimi ningeigawa hiyo 2 TB: nusu iwe APFS, mfumo wa faili wa Apple, kwa ajili ya Time Machine, programu ya akiba iliyomo ndani ya Mac, na nusu iwe exFAT ya kubebea faili kati ya kompyuta mbili. Kazi hiyo inafanyika kwenye MacBook kwa Disk Utility, lakini kwanza lazima uiamuru ionyeshe vifaa vyote, kwa sababu ikifunguliwa huonyesha sehemu za diski tu, na bila kuichagua diski yenyewe hutaona mahali pa kuchagua mpangilio wa GUID, yaani jedwali la kugawia diski.

Pia naunga mkono kuiacha imechomekwa. Binadamu husahau. Nakala inayosubiri mtu akumbuke kuchomeka kebo siku ya Ijumaa jioni, baada ya wiki ya harusi, haitawekwa.

---

MsimamiziMifumo amejibu:

Ndugu zangu, naomba niingie katikati, kwa kuwa nadhani Mdau yuko sahihi katika jambo moja na hayuko sahihi katika lingine.

Kugawa diski sehemu mbili kunapanga faili, hakuongezi usalama. Sehemu zote mbili zinategemea mota moja, kichwa kimoja, saketi moja na tundu moja la USB, na zinaanguka mezani pamoja. Isitoshe, hesabu haikubali: tukitoa nusu ya 2 TB kwa Time Machine, ile 1.5 TB ya kazi za zamani inabaki bila nakala, na hilo ndilo tatizo la dharura alilolitaja FundiTanga. Kuna hatari nyingine ndogo ya kivitendo. Diski yenye sehemu ya Mac ikichomekwa kwenye Windows inaweza kuleta ujumbe unaomtaka mtumiaji aifomati kwanza, na katika studio yenye haraka atapatikana mtu wa kubonyeza ndiyo.

Kuhusu kuiacha imechomekwa, namuunga mkono Mdau kwa sharti kwamba isiwe diski pekee. Akiba inayojiendesha yenyewe huwa ndiyo yenye nakala ya karibuni kabisa, na kwa kawaida ndiyo itakayowaokoa mtu akifuta folda kwa bahati mbaya. Lakini kila kinachoweza kuandikwa na kompyuta kinaweza pia kuharibiwa na kompyuta. Mwezi Mei mwaka 2017, virusi vya kudai fidia vilivyojulikana kama WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache, vikisimba (yaani kufunga kwa msimbo ili zisisomeke bila ufunguo) faili za kompyuta pamoja na zile za diski zilizokuwa zimechomekwa wakati huo. Diski iliyokuwa kabatini haikuguswa. Umeme unaporudi kwa kishindo haubagui kilichopo kwenye soketi, na mwizi anayebeba laptopu hataiacha diski iliyolala pembeni yake, kwa hiyo hata mkasa wa jirani wa muulizaji haujazuiliwa na diski inayokaa kwenye meza ileile.

Kwa hiyo gawaneni kazi. 4 TB ibaki studioni, imechomekwa, ikipokea nakala za kila siku. 2 TB ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha itolewe na ipelekwe nyumbani kwa mmoja wenu. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyelipa umaarufu sharti la nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na sioni ajabu kwamba lilitoka kwa mtu wa fani yenu. Nakala ya tatu kwa video ghafi ni gharama kubwa, nakubali. Chukueni kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde: inazalisha takriban GB 45 kwa saa, na sherehe ya saa nne kwa kamera mbili inafika GB 360. Hakuna bando la kupandisha mzigo huo mtandaoni kila Jumamosi. Hata hivyo, orodha ya wateja, mikataba, faili za mradi za programu ya kuhariri na picha zilizochaguliwa kwa albamu ni ndogo, na hizo ningezipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kusita.

Niongeze neno kuhusu matundu. GB 360 hizo kupitia tundu la USB 2.0, ambalo kwa uhalisia hutoa kama MB 35 kwa sekunde, zitachukua karibu saa tatu. Kupitia USB 3.0, diski ya kawaida ya kuzunguka ikienda kwa MB 110 kwa sekunde, itakuwa chini ya saa moja. Diski ya mfukoni pia hula umeme kutoka tundu hilohilo, na USB 2.0 imewekewa kiwango cha miliampea 500 wakati USB 3.0 ina 900. Ukisikia diski ndogo inalia tik, tik, inazima na kuwaka tena ikiwa imechomekwa kwenye habu ya bei rahisi, ichomeke kwanza moja kwa moja kwenye kompyuta. Ikiendelea kulia hivyo hata hapo, acha kuitumia na usijaribu kuikarabati kwa programu yoyote, kwani kila dakika inayozunguka inaweza kuzidi kuharibu.

Na muulizaji naye ajiulize kama ana wajibu wa kuhifadhi video ghafi za kila harusi milele. Mimi ningeandika kwenye mkataba muda wa kuzitunza, tuseme miezi kadhaa baada ya makabidhiano, na baada ya hapo ningebakiza video iliyokamilika na picha zilizochaguliwa. Nusu ya tatizo la nafasi hutatuliwa na karatasi hiyo moja.

---

PichaPwani amejibu:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi pia ni mpiga picha, na ningependa kuongeza yale ambayo mafundi huyaruka kwa kuwa kwao ni ya kawaida.

Kabla hujaweka hata faili moja kwenye diski mpya, ipime. Siku hizi zinauzwa diski na flashi zenye saketi iliyodanganywa, zinazojitangaza kuwa na terabaiti nyingi wakati ndani mna kumbukumbu ndogo tu. Zinapokea faili zako zote bila kulalamika na zinaonyesha majina na ukubwa wake, lakini ukizifungua unakuta takataka. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows hujaza diski nzima kwa data inayojulikana kisha huisoma tena yote na kulinganisha. Kwenye Mac na Linux iko F3 inayofanya kazi hiyohiyo. Kwa 2 TB jipe usiku mmoja, kwa sababu kuandika pekee kwa MB 110 kwa sekunde ni saa tano, na kusoma ni saa tano nyingine. Bei ikiwa ndogo mno kupita kiasi, huhitaji hata kipimo. Mrudishie mwenye duka.

Kisha tumia CrystalDiskInfo kwenye kile kipakatalishi cha Windows kutazama afya ya diski zote mbili, hasa ile kuukuu ya 4 TB. Angalia mistari yenye alama 05, C5 na C6. Thamani ghafi ikiwa sufuri, vyema. Ikiwa C5 si sufuri, yaani kuna sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma na inasubiri kuamua cha kufanya nazo, basi usicheleweshe kunakili hata kwa siku moja. MacBook haitakuonyesha habari hizo kwa diski za USB bila kuongezewa kiendeshi maalumu, ndiyo maana nasema Windows.

Kunakili kwenyewe msitumie kuburuta kwa panya. 1.5 TB ikikwama katikati, hutajua ni nini kimefika na ni nini hakijafika. Windows ina robocopy ndani yake tayari. Tuseme 4 TB ni herufi E na mpya ni F, amri ni hii:

robocopy E:\KAZI F:\KAZI /E /R:1 /W:1

/E inachukua folda zote za ndani. Hizo mbili za mwisho zina maana kubwa, kwa sababu usipoziandika robocopy ikikutana na faili isiyosomeka itajaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde thelathini kila mara, na utaamka asubuhi ukaikuta palepale ulipoiacha. Umeme ukikatika, rudia amri ileile. Itaruka zilizokwisha kunakiliwa. Jihadhari na /MIR mnayoiona ikisifiwa kila mahali, kwani hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukikosea herufi za diski, au mtu akifuta folda kwenye chanzo bila kujua, kosa hilo linahamia kwenye akiba yako kwa utiifu kamili. Asiyependa kuandika amri atumie FreeFileSync, achague hali ya kusasisha badala ya ile ya kioo, na baada ya kunakili aendeshe ulinganishi wa yaliyomo, si wa tarehe na ukubwa pekee.

Baada ya hapo fungua faili. Chagua harusi tatu au nne za miaka tofauti kutoka diski mpya, ucheze video mwanzo, katikati na mwisho. Folda zianze na mwaka, kwa mfano 2024-08-17, ili zijipange zenyewe kwa tarehe kwenye tarakilishi yoyote. Nao mkataa wa memori kadi uwe mmoja studioni: hakuna kufomati kadi mpaka kazi yake iwe kwenye diski mbili tofauti. Sisi kadi iliyokwisha kunakiliwa mara moja tu huigeuza uso chini ndani ya kikebe chake, na huwa haigeuzwi tena hadi nakala ya pili ithibitishwe.

Unyevu wa huku pwani hauna huruma, kwa hiyo diski ya nyumbani naiweka kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya silika. Huko Morogoro labda vumbi ndilo litakalowasumbua zaidi, ila kontena ni lilelile. Na msishawishike kununua SSD kwa ajili ya kukaa kabatini. Ni nzuri kwa kufanyia kazi na kubeba safarini kwa kuwa haina kitu kinachozunguka, lakini hutunza data kwa chaji ya umeme inayopungua polepole isipopewa umeme kwa muda mrefu. Kwa kabatini, diski ya kuzunguka bado inafaa zaidi na bei yake kwa terabaiti ni nafuu.

---

StudioMoro amejibu:

Wakuu, na dada PichaPwani, nawashukuru sana. Nimeiendesha CrystalDiskInfo jana: mpya iko safi, lakini ile 4 TB ina thamani ya 8 kwenye C5, jambo ambalo nisingelijua. Nilianza kunakili usiku huohuo kwa robocopy, nikiacha kipimo cha H2testw kwa sababu niliona dharura imekuwa upande wa pili, na asubuhi hii imemaliza ikiwa imeshindwa faili mbili tu za video ghafi. Video iliyokamilika ya harusi hiyo ipo salama.

Tumekubaliana kwamba 2 TB itakaa nyumbani kwa mwenzangu, 4 TB itabadilishwa na nyingine ya ukubwa uleule haraka iwezekanavyo, na MacBook itapata 1 TB yake ya Time Machine mwisho wa mwezi. Limebaki swali moja. Diski itakayokuwa ikisafiri kati ya studio na nyumbani ina picha za watu, watoto wakiwemo, pamoja na namba zao za simu. Je, niiwekee nywila, na kwa njia ipi?

---

MsimamiziMifumo amejibu:

Ndugu StudioMoro, kwa C5 ya 8 umefanya vyema kutosubiri kipimo. H2testw ingekula saa kumi ambazo ile ya zamani huenda isingekuwa nazo, na kwa vile inaandika kwenye nafasi tupu tu, nafasi iliyobaki kwenye mpya unaweza kuipima wakati wowote. Pale ulipokwisha kuandika, ulinganishi wa FreeFileSync utakupa jibu. Ununuzi wa 4 TB nyingine uutangulize mbele ya ile 1 TB ya Mac, na mpaka ifike, msifute chochote kwenye laptopu wala kwenye kadi.

Nywila iwekwe, na hapa si suala la hiari tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya kupotea na kufikiwa na wasiohusika, na picha ya mtu pamoja na namba yake ya simu ni taarifa zake binafsi. Diski iliyosimbwa ikiibiwa kwenye daladala, umepoteza chombo. Isiposimbwa, umepoteza harusi za watu mikononi mwa usiyemjua.

Kama Windows yenu ni toleo la Pro, washa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, kwa ile 2 TB. Inasimba bila kufuta kilichomo, ingawa kwa diski iliyojaa itachukua saa nyingi, na ni lazima iwe na umeme wa uhakika muda huo wote. Kwa vile hiyo ndiyo nakala yenu salama kwa sasa, usianze kuisimba leo. Subiri 4 TB mpya ifike, inakili yote humo, ilinganishe, ndipo uisimbe 2 TB. Toleo la Home linaweza kufungua diski ya BitLocker iliyosimbwa kwingine lakini haliwezi kuisimba lenyewe, na MacBook haitaifungua kabisa. Mkihitaji ifunguke kwenye kompyuta zote mbili, VeraCrypt, programu nyingine ya kusimba, ni ya bure na ina matoleo ya Windows na Mac, ila kwa kuandika kutoka Mac mtarudi kwenye suala la exFAT lililojadiliwa juu. Diski ya Time Machine haina utata, kwani utaulizwa kuhusu kusimba pale unapoiteua mara ya kwanza, na hapo ndipo pa kukubali.

BitLocker itakupa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Uchapishe kwenye karatasi nakala mbili, moja ikae studioni na nyingine kwa ndugu unayemwamini, na usiuhifadhi ndani ya diski ileile inayofungwa nao. Mwenzako naye aijue nywila, au walau ajue karatasi ilipo.

---

StudioMoro amejibu:

Nimekuelewa mkuu. Toleo letu ni Pro, kwa hiyo tutatumia BitLocker na MacBook itaendelea kupitia mtandao wa ndani kama alivyoelekeza FundiTanga. Jana tumejaribu njia hiyo kwa kebo ya ruta na mwenzangu ameandika albamu nzima bila kukwama. UPS ya diski mpya nimeiongeza kwenye orodha ya manunuzi.